Mwongozo wa madansa wa Nairobi: umri, makao, uraia na karatasi za kuweka tayari kabla ya kuingia mashindano

Kila msimu wa mashindano kuna kundi linarudishwa nyumbani pale pale kwa meza ya usajili. Hawajadansi hata dakika moja. Mmoja wao amezidi umri kwa wiki mbili, ama wanne wanaishi Rongai na shindano ni la wakaazi wa Kaunti ya Nairobi, ama jina liko kwa fomu silo liko kwa kitambulisho, na hapo ndio imeisha, mazoezi ya miezi mingi, nauli, nguo zimeshonwa, mama amekuja kuwaangalia na ameketi pale mbele. Inaniuma sana juu karibu zote hizi ni vitu vingeonekana mapema kama mtu mmoja tu kwa kundi angekaa chini na karatasi. Kwa hivyo naandika hii kwa kapteni wa kundi, kwa mdansa wa peke yake, na kwa mzazi mwenye mtoto wake ameanza kushindana.

Hatua ya kwanza: pata sheria zenyewe, usitegemee posta

Posta inasema "madansa wote karibuni". Posta ni ya kuita watu tu. Sheria ziko kwa karatasi ingine, mara nyingi PDF ya kurasa kadhaa, na hiyo ndio watakusomea siku yenye kuna ubishi. Iombe. Ukiipata tafuta kwanza majibu ya haya: nani anaruhusiwa, umri unahesabiwa kwa tarehe gani, makao yanathibitishwa na karatasi gani, kundi ni la watu wangapi na nani anaweza kubadilishwa, na malalamiko yanapelekwa kwa nani na ndani ya muda gani. Kama jibu moja halimo, uliza, na uulize kwa maandishi. Simu ni rahisi lakini simu haiachi alama, leo umeongea na mtu mmoja poa sana, siku ya shindano hayuko na mwenye ako pale hakujui.

Ujumbe unaweza kuwa mfupi tu, kama huu:

"Habari zenu. Sisi ni kundi la hip hop la watu saba kutoka Kayole na tungependa kushiriki. Tunaomba sheria kamili za ushiriki. Tunauliza pia: umri wa mshiriki unahesabiwa kwa tarehe gani? Mwenye hana bili yenye jina lake mnakubali nini kuonyesha anaishi Nairobi? Na mwenzetu mmoja ana kitambulisho cha mkimbizi, je anaruhusiwa? Tutashukuru mkitujibu kwa maandishi. Asanteni."

Wakijibu weka skrinshoti, na utume kwa simu ya mtu wa pili. Hiyo skrinshoti imeokoa makundi.

Hatua ya pili: jua shindano ni la nani na linauliza nini hasa

Watu huchanganya makao na uraia kila siku, na ni vitu viwili tofauti kabisa. Makao ni mahali unaishi. Uraia ni nchi yako kisheria. Mtu anaweza kuwa ameishi Eastleigh tangu azaliwe na asiwe raia, na mwingine ni Mkenya kamili na hajawahi kulala Nairobi usiku mmoja.

Shindano la wadi, la eneobunge ama la kaunti linauliza makao. Nairobi iko na maeneobunge 17 na wadi 85, kwa hivyo kama zawadi ni ya vijana wa Mathare basi wanataka kuona Mathare, na mtu wa Ruaraka hata kama ni ng'ambo tu ya barabara anahesabika mgeni. Shindano la dunia ama la bara lenye kila timu inabeba bendera linauliza uraia, ama angalau ukaazi wa kisheria. Shindano la kampuni ama la televisheni linauliza chenye mwandalizi ameamua, na hapo lazima usome kila mstari.

Halafu kuna tamasha za shule, za drama zenye zinafika kilele mwezi wa nne na za muziki mwezi wa nane, densi iko kote kote. Hapa wewe kama mtu binafsi husajiliwi, shule ndio inasajiliwa, na wewe unaingia kama mwanafunzi wa hiyo shule. Mnapanda kutoka kaunti ndogo, kaunti, kanda, hadi taifa. Mtoto wa Umoja mwenye anasoma bodingi Machakos atadansi upande wa Machakos, hata kama kila likizo anafanya mazoezi na watoto wa mtaa hapa Nairobi. Wazazi wengi huuliza hii na jibu ni hilo. Ukitaka kumhamisha shule katikati ya mwaka ili adansi kwingine, ongea kwanza na mwalimu wa tamasha wa shule mpya kama atakubaliwa msimu huo, usihame kisha uulize.

Hatua ya tatu: hesabu umri kwa tarehe yenye wameandika

Swali la "una miaka mingapi" halitoshi. Swali ni "una miaka mingapi lini". Kuna njia kama tatu zenye utakutana nazo.

Ya kwanza wanaangalia mwaka mzima wa kalenda. Shirikisho la Dunia la Dansi ya Michezo, WDSF, ndio hufanya hivi: Junior I ni wenye wanafikisha miaka 12 ama 13 mwaka huo, Junior II ni 14 ama 15, Youth ni 16 hadi 18, na siku ya birthday haijalishi bora iko ndani ya huo mwaka. Ya pili wanaangalia tarehe moja maalum, kwa mfano densi ya Kiairishi wanatumia tarehe 1 Januari. Ya tatu wanaangalia siku ya shindano lenyewe.

Sasa chukua msichana amezaliwa tarehe 20 Novemba 2010 na shindano ni Agosti 2026. Kwa siku ya shindano ako na miaka 15. Kwa tarehe 1 Januari 2026 ako na 15 pia. Lakini kwa mwaka wa kalenda anahesabiwa 16, juu atafikisha 16 kabla mwaka uishe, kwa hivyo kwa WDSF tayari ako Youth tangu Januari na hawezi kurudi Junior II. Mwalimu asipojua hii anamfundisha msimu mzima kwa daraja lenye haruhusiwi kuingia. Kwa hivyo fanya hii hesabu kwa kila mtu wa kundi, kwa karatasi, na tarehe kamili za kuzaliwa, usikubali mtu akwambie "mimi niko sawa".

Kwa Hip Hop International, wenye hufanya mashindano ya dunia ya makundi ya hip hop, madaraja makubwa ni Junior miaka 7 hadi 12, Varsity 13 hadi 17, na Adult 18 kwenda juu, na kundi la kawaida ni watu 5 hadi 9. Ukiwa na kundi la marafiki wa mtaa mmoja wenye miaka 16, 17, 18 na 19 hapo ndio shida yako kubwa itakuwa, juu mnadansi pamoja vizuri lakini mpaka wa 18 unawakata katikati. Amueni mapema. Usingoje wiki ya mwisho ndio mwambie mdogo wenu hayumo, hiyo inavunja urafiki na inavunja kundi.

Na cheti. Kile kikaratasi mama alipewa hospitali akitoka na mtoto ni taarifa ya kuzaliwa tu, cheti cha kuzaliwa ni kingine, na waandalizi wengi hawakubali hicho cha hospitali. Kama mtoto hajawahi kuchukuliwa cheti na miezi sita ilishapita tangu azaliwe, hiyo inaitwa usajili wa kuchelewa na iko na karatasi zaidi, kwa hivyo anza mapema. Maombi yanafanyika kwa eCitizen, na kama intaneti inawasumbua enda Huduma Centre, hapa Nairobi kuna ya GPO, City Square, Makadara, Kibra na Eastleigh, wafanyakazi pale wanakuonyesha.

Hatua ya nne: makao, na hapa ndio Nairobi inachanganya

Wacha nianze na mpaka juu watu wengi hawajui kama wanaishi Nairobi ama la. Nairobi ya mazungumzo ni kubwa kuliko Nairobi ya kaunti. Rongai ni Kajiado. Kitengela ni Kajiado. Syokimau na Mlolongo ni Machakos. Ruaka, Kinoo, Ruiru na Juja ni Kiambu. Githurai ndio kali zaidi, 44 ni Nairobi, 45 ni Kiambu, mmoja anavuka barabara kuenda mazoezi na amevuka kaunti. Kahawa West ni Nairobi, Wendani na Sukari ni Kiambu. Utawala ni Nairobi, ukisonga mbele mpaka Joska hiyo sasa ni Machakos. Kwa hivyo ukisikia "wakaazi wa Kaunti ya Nairobi" usijibu haraka, uliza kila dansa analala wapi, lokesheni gani, na uandike.

Mwandalizi akiandika "Nairobi na viunga vyake" muulize viunga ni gani. Wengine wanakubali Kiambu, Machakos na Kajiado yote, wengine wanamaanisha hapo karibu tu.

Kitambulisho chako hakisemi unaishi wapi. Geuza zile za zamani uangalie nyuma, utaona wilaya, tarafa, lokesheni na sublokesheni, na kwa wengi wetu hiyo ni nyumbani kwa wazazi, Siaya, Vihiga, Makueni, mahali ulienda kuchukulia ama mahali chifu alikutambua. Mtu ameishi Dandora maisha yake yote na nyuma ya kitambulisho kumeandikwa Butere. Kama mwandalizi anataka kutumia hiyo kukuondoa, una haki ya kumweleza kwa heshima kwamba hiyo si anwani ya makao, lakini ukifika pale na maneno matupu utashindwa, lazima uwe na karatasi ingine mkononi.

Na hapo tena kuna shida yenye kila mtu wa ploti anaijua. Wanaomba bili ya stima, mita ni ya landilodi, token unanunua kwa simu na meseji inarudi na namba ya mita bila jina lako. Wanaomba bili ya maji, maji ni ya ploti nzima. Wanaomba makubaliano ya nyumba, uliingia kwa maneno na depositi ukampa keyateka. Kwa hivyo tengeneza ushahidi wako na vitu vyenye uko navyo kweli.

Barua ya chifu ama naibu wa chifu wa mahali unaishi, hii ndio inakubalika karibu kila mahali. Anza na mzee wa mtaa ama wa nyumba kumi ili chifu ajue wewe ni nani, beba kitambulisho na kopi, na uombe barua iandike jina lako kamili kama kwa kitambulisho, namba ya kitambulisho, mtaa, umeishi hapo tangu lini, tarehe ya leo na muhuri. Hiyo "tangu lini" watu husahau, na kama shindano linataka miezi sita ya ukaazi barua bila hiyo haisaidii. Usiende siku moja kabla ya deadline juu chifu anaweza kuwa kwa mkutano ama baraza.

Stetimenti ya M-Pesa. Piga *334# ama tumia app uombe stetimenti ya miezi sita, inakuja kwa imeili ikiwa na jina lako, na kama unalipa rent kwa namba ile ile kila mwezi inaonekana wazi. Ikikuja na nambari ya siri ya kufungua, chapisha kopi na ufiche malipo yenye hayahusiani, mwandalizi hana haja ya kujua umetumia pesa kwa nani.

Risiti za rent zenye landilodi amesaini, hata za kitabu, bora ziwe na namba ya nyumba na mwezi. Barua ya chuo kama unasoma hapa. Barua ya mwajiri. Kwa mtoto, barua ya shule na kitambulisho cha mzazi. Kama unakaa kwa shangazi, barua ya chifu inaweza kusema unaishi kwake, na yeye aandike moja fupi na kopi ya kitambulisho chake. Leta mbili zenye zinakubaliana, moja ikikataliwa ya pili ibaki.

Angalia pia sheria inasema nini kuhusu muda. "Ameishi miezi sita" inaweza kumaanisha miezi sita kabla ya kujaza fomu ama kabla ya fainali, na hizo zinaweza kuachana sana. Kama ulienda ushago miezi miwili kumuuguza mzazi, uliza kama hiyo inakata muda, usifiche. Na uliza kama sheria ni kwa kila mtu ama kwa wengi wa kundi. Kuna waandalizi wanaruhusu mmoja ama wawili wa nje, kuna wenye hata mmoja tu anaondoa kundi lote.

Hatua ya tano: uraia, bendera na wakimbizi

Kama mnaenda kuwakilisha Kenya nje, paspoti ndio inaongea. Katiba ya 2010, kifungu cha 14, inasema mtu ni raia kwa kuzaliwa kama siku alizaliwa mama ama baba yake alikuwa raia wa Kenya, na haijalishi alizaliwa wapi. Kwa hivyo mtoto wa Mkenya alizaliwa London ni wetu, na mtoto alizaliwa Pumwani na wazazi wote wageni si raia kwa sababu tu ya kuzaliwa hapa. Kifungu cha 16 kinaruhusu raia wa kuzaliwa kuwa na uraia wa nchi mbili. Mgeni ameishi hapa kihalali miaka saba mfululizo anaweza kuomba kusajiliwa, lakini hiyo ni safari ndefu na si kitu cha kufanya kwa ajili ya shindano la mwaka huu.

Mwenye ako na uraia wa nchi mbili asome vizuri sana. Kwa Olimpiki, Kanuni ya 41 ya Mkataba wa Olimpiki inataka mshindani awe raia wa nchi yenye anawakilisha, na akiwa ameshawakilisha nchi moja kisha akabadilisha, lazima miaka mitatu ipite tangu aiwakilishe ile ya kwanza mara ya mwisho, isipokuwa apewe ruhusa ya kupunguza. Mashirikisho mengine yako na muda wao. Kwa hivyo usikubali kwenda kudansi kashindano kadogo chini ya bendera ya nchi ya mjomba wako juu tu tiketi ni ya bure, hiyo inaweza kukufungia mlango wa Kenya kwa muda. Kwa densi za wawili wawili, uliza kama sheria inataka wote wawili wawe raia ama mmoja anatosha.

Sasa ndugu zetu wakimbizi, na hapa naomba makapteni wanisikie. Madansa Wakongomani wa Kayole, Wasomali na Waethiopia wa Eastleigh, wengi wamekulia hapa na wamefundisha nusu ya mtaa kudansi. Usimtoe mtu kwa kundi kabla hujauliza. Kwa shindano la makao, kitambulisho cha mkimbizi kinachotolewa chini ya Sheria ya Wakimbizi ya 2021 ni kitambulisho halali, pamoja na barua ya chifu. Andikia mwandalizi mapema akubali kwa maandishi. Kwa mashindano ya nje wako na hati ya kusafiria ya wakimbizi, inaombwa kupitia Idara ya Huduma za Wakimbizi na inachukua muda, na viza nayo ni juu yake. Kubeba bendera ya Kenya kwa shindano la uraia haitawezekana, lakini njia haijafungwa kabisa. Breki dansi ilipoingia Olimpiki Paris 2024, Manizha Talash kutoka Afghanistan, mwenye alikuwa anaishi Hispania, aliingia kupitia Timu ya Wakimbizi ya Olimpiki. Ni kweli aliondolewa baadaye, alifungua kitambaa kilichoandikwa ujumbe wa kuwatetea wanawake wa Afghanistan na sheria hazikuruhusu maneno ya kisiasa jukwaani, lakini kwa kuingia aliingia kihalali. Breki dansi ilikuwa pia Olimpiki ya Vijana ya Buenos Aires 2018, na imo kwa ya Dakar 2026, kwa hivyo hii si ndoto ya mbali kwa Mwafrika.

Hatua ya sita: orodha ya kundi, majina na mamluki

Fungua karatasi moja. Jina kamili kama kwa kitambulisho ama cheti, tarehe ya kuzaliwa, namba ya karatasi, mahali anaishi, kundi lingine lolote anadansi nalo. Hiyo ya mwisho ndio hulipuka. Mashindano mengi hayaruhusu mtu mmoja kuwa kwa makundi mawili daraja moja, na Nairobi hii kila mtu mkali anaitwa na makundi matatu. Muulize mapema, bila kumlaumu, achague.

Mamluki, yaani mtu wa nje wa kuazima tu kwa shindano, acheni kabisa. Najua shinikizo liko, mmoja ameumia goti siku tano kabla, kuna jamaa wa Nakuru anajua kila kitu. Lakini video ziko kila mahali sasa, kundi lenye mmewashinda litakaa usiku mmoja kwa simu na litapata picha zake akidansi Nakuru mwezi uliopita, na mtarudisha zawadi pamoja na jina. Soma sheria ya kubadilisha mtu, nyingi zinakubali wa akiba kama jina lake liliandikwa tangu mwanzo, kwa hivyo sajili wa akiba hata kama hamdhani mtamhitaji.

Majina kutofanana ni kawaida sana kwetu. Cheti kina jina la babu, kitambulisho hakina, cha shule kimeandika herufi tofauti. Kama ni tofauti ndogo ya herufi ama mpangilio, enda kwa wakili mwenye ni kamishna wa viapo uape kiapo kwamba majina yote ni ya mtu mmoja, beba kopi za zote. Kama ni jina tofauti kabisa, hiyo ni mambo ya kubadilisha jina kisheria na haimaliziki wiki moja. Jina la jukwaani liandike mahali pake tu, usiliweke kwa sehemu ya jina halali.

Hatua ya saba: vitu vidogo vyenye vinaondoa watu

Kama fomu inauliza kama wewe ni profeshono, usijibu tu kwa kujisikia. Kuna mashindano yanaita profeshono mtu yeyote analipwa kufundisha densi, hata darasa la salsa la jumamosi jioni. Uliza maana yao. Uliza pia kama mshindi wa mwaka jana anaruhusiwa, na kama wewe ama ndugu yako anafanya kazi na mwandalizi ama mdhamini, juu mara nyingi jamaa za wafanyakazi hawaruhusiwi. Ukiwa na mkataba na televisheni ingine usome tena huo mkataba.

Kwa mashindano yenye yako chini ya WDSF kuna kupimwa dawa zilizokatazwa, na hapa Kenya kuna ADAK, shirika la serikali la kupambana na hizo dawa michezoni, chini ya Sheria ya mwaka 2016. Bangi imekatazwa wakati wa mashindano. Miraa nayo iko na kemikali inaitwa cathine, na orodha ya WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa hizo, inaikataza wakati wa mashindano ikizidi mikrogramu 5 kwa mililita ya mkojo. Kwa hivyo ile ya kutafuna usiku ili mkeshe mazoezi, wiki ya shindano iacheni.

Hatua ya nane: watoto chini ya miaka 18

Fomu inasainiwa na mzazi ama mlezi, kocha hawezi kusaini kama mzazi hata kama mtoto anakula kwake kila siku. Akienda nje ya nchi anahitaji paspoti yake, na wazazi waandike idhini mbele ya wakili, ikisema anaenda wapi, na nani, tarehe gani hadi gani. Kama mzazi mmoja hayuko, tafuta karatasi za ulezi mapema kuliko kitu kingine chochote.

Na tafadhali, msitume vyeti vya watoto kwa grupu ya WhatsApp ya watu themanini. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi kabla ya kutumia taarifa za mtoto. Mtu mmoja mwaminifu akusanye, apeleke kwa mwandalizi kwa imeili, afute zenye ziko kwa simu yake. Muulize mwandalizi pia ataziweka wapi na atazifuta lini.

Hatua ya tisa: siku ya usajili, na wakikukataa

Kila dansa awe na faili lake: karatasi halisi, kopi mbili, picha mbili za paspoti. Kapteni abebe orodha ya kundi, sheria zimechapishwa, na zile skrinshoti za majibu. Fikeni mapema kuliko saa wamesema, juu ikitokea karatasi moja imekosa bado kuna muda wa kukimbia saiba kuchapisha.

Wakisema hamruhusiwi, kapteni peke yake aongee, wengine wakae kando. Uliza kwa upole: ni kifungu gani cha sheria, na mnaweza kutuandikia? Mara nyingi mtu wa mezani ni kijana wa kujitolea amesoma muhtasari tu, ukimwonyesha kifungu anaita mkubwa wake na mambo yanaisha. Kama haijaisha, omba mdansi chini ya pingamizi, yaani mnapanda jukwaani na uamuzi wa kama matokeo yenu yanahesabika unafanywa baadaye. Si wote wanakubali lakini kuomba ni haki yenu, na ombeni kabla ya kudansi, juu malalamiko baada ya matokeo yanaonekana ni ya kushindwa.

Andika rufaa siku hiyo hiyo: jina la kundi, kifungu chenye wametumia, kwa nini si sahihi, karatasi gani zinaonyesha hivyo. Wengine wanatoa saa 24 tu, wengine dakika 30 baada ya uamuzi kutangazwa. Kama mwandalizi ni chama cha michezo kilichosajiliwa chini ya Sheria ya Michezo ya 2013, na mmepitia ngazi zake zote za rufaa bila kusaidika, kuna Mahakama ya Kutatua Migogoro ya Michezo hapa Nairobi, inaskiza rufaa dhidi ya maamuzi ya vyama hivyo. Kama ni kampuni ama televisheni basi sheria za shindano ndio mkataba wenu, na hapo barua ya wakili ndio njia. Ikiwa mlilipa ada ya kuingia na mmekataliwa kabla ya kudansi, iombeni irudishwe kwenye hiyo barua ya rufaa, taja kiasi na mwambatanishe meseji ya malipo.